Fuata ukoo, achana na namba: namna ya kuijua hadithi ya Heroes of Might and Magic

Wanaoniona nikicheza pale dukani kwangu Tanga, kati ya mashine ya fotokopi na rafu ya madaftari, huwa na swali moja: nianze na la ngapi? Heroes of Might and Magic, mfululizo wa magemu ya kompyuta ya mikakati, ina magemu saba yenye namba, ina nyongeza, ina vipande vya pembeni, na ina ndugu zake wa Might and Magic ambao wana namba zao wenyewe. Ukianza na la kwanza na kupanda moja moja, utabebeshwa majina mengi kabla hujapata sababu ya kumjali hata mmoja. Kwa hiyo jibu langu ni lile lile kila siku: achana na namba, fuata ukoo. Hadithi hii ni ya nyumba mbili, Ironfist na Gryphonheart, zilizounganishwa na ndoa moja, pamoja na watu wachache wanaozihudumia, wanaozisaliti, na wanaopita njia wakiwa na shida zao. Ukishawajua hao, kila ramani utakayoifungua itakuwa na mtu unayemfahamu.

Mahitaji kwanza.

Tafuta Heroes III Complete, toleo la mwaka 2000 lililokusanya gemu lenyewe la 1999, The Restoration of Erathia, na nyongeza zake mbili, Armageddon's Blade na The Shadow of Death. Linauzwa GOG, duka la magemu la mtandaoni, na ukishalipakua unacheza bila intaneti, kwa hiyo kifurushi unakihitaji siku ya kwanza tu. Ubisoft walitoa toleo jingine mwaka 2015 lenye picha zilizosafishwa. Usilinunue kwa ajili ya hadithi, maana nyongeza zote mbili hazimo, na kisa kizima cha Sandro, mchawi wa wafu utakayemjua mbele, kimo kwenye nyongeza. Kompyuta yoyote ya ofisini inaliendesha. Kama huna kompyuta, kuna programu ya bure iitwayo VCMI inayolichezesha hata kwenye simu ya Android, na nyingine iitwayo fheroes2 hufanya hivyo kwa Heroes II, ila unahitaji mafaili ya gemu lenyewe.

Pia linafaa kwa mtu mwenye kazi. Ni gemu la zamu. Mteja akija kutoa kopi ya cheti unamhudumia, unachukua pesa, unarudi, na jeshi lako liko pale pale ulipoliacha. Umeme ukikatika, gemu limeshajisevu lenyewe mwanzo wa siku.

Halafu nunua kaunta buku. Upande wa kushoto andika jina la nyumba au nchi, upande wa kulia watu wake. Kila mtu mwandikie mambo matatu: yuko upande wa nani, mara ya mwisho umemwona wapi, na ana deni na nani. Hilo la deni ndilo la maana kuliko yote. Katika hadithi hii karibu kila vita vinaanza kwa sababu mtu alidhulumiwa, alidanganywa au aliachwa katika gemu lililotangulia, na lile linalofuata mara nyingi halikukumbushi. Linakuchukulia kuwa unajua.

Habari zenyewe utazipata mahali pane. Pa kwanza ni maelezo yanayosomwa kwa sauti kabla ya kila ramani ya kampeni, yaani mfululizo wa ramani zenye hadithi moja, usiyaruke. Pa pili ni jumbe zinazojitokeza katikati ya mchezo, siku fulani ikifika au ukikanyaga sehemu fulani. Pa tatu ni baa ya mjini, ambako mbali na kuajiri mashujaa kuna uvumi unaobadilika. Pa nne, napapenda zaidi, ni wasifu wa shujaa: fungua ukurasa wake, bonyeza picha yake, utaona aya fupi kuhusu maisha yake. Aya hizo ni za sentensi mbili tatu, lakini waliozibuni walikuwa makini. Ya Solmyr inasema alifungwa kwenye chupa kwa muda mrefu mno, akashukuru sana alipofunguliwa, akaapa kumtumikia milele aliyemfungua. Aliyemfungua ni Gavin Magnus, mfalme asiyekufa wa Bracada. Wachezaji wengi wanamjua Solmyr kama yule jini wa radi inayoruka kutoka kikosi hadi kikosi, basi. Wewe andika kiapo chake kwenye daftari. Kina kazi mbele.

Sasa anza kucheza, na anza na Catherine.

Catherine alizaliwa Gryphonheart, binti wa Mfalme Nicolas wa Erathia, akaolewa na Roland Ironfist wa bara la Enroth. Restoration of Erathia inaanza akirudi nyumbani kumzika baba yake, na anakuta ufalme umevamiwa: majeshi ya Nighon yametoka chini ya ardhi, mashetani wa Eeofol wamekuja pamoja nao, mji mkuu wa Steadwick umeanguka. Menyu ya kampeni itakupa zaidi ya mlango mmoja mwanzoni. Ingia Long Live the Queen kwanza, umfuate Catherine akikusanya watu waliotawanyika, akiwakomboa malaika na grifoni. Lakini kabla hujaendelea na Liberation, cheza Dungeons and Devils, ambako unawaongoza wavamizi na ni wewe unayeiangusha Steadwick. Mpangilio huo una faida moja kubwa. Utakapokuja kuikomboa Steadwick upande wa Catherine, utakuwa unaujua ukuta wake kwa pande zote mbili, na utaelewa kwamba Nighon na Eeofol hawakuwahi kupendana. Walikuwa na adui mmoja tu kwa wakati mmoja. Spoils of War ni ya majirani wanaogombea mipaka wakati mwenye nyumba anaungua. Ichezwe, lakini kwa ukoo wetu haina mengi.

Kisha inakuja Long Live the King, na hapo shika kalamu. Wachawi wa wafu wa Deyja, chini ya Finneas Vilmar, wanamfufua Mfalme Gryphonheart mwenyewe wakitaka ujuzi wake wa vita uwe mikononi mwao. Mfalme anaamka akiwa maiti inayotembea, na hatumikii mtu. Anamuua Vilmar, anakaa kwenye kiti cha Deyja, na sasa anaigeukia nchi aliyoitawala alipokuwa hai. Kampeni ya Song for the Father ndiyo sehemu iliyonifanya nilipende gemu hili kwa moyo wote. Binti aliyekuja kumzika baba yake analazimika kushirikiana na wachawi wale wale waliomfufua, wavuke pamoja na jeshi la malaika na mifupa, ili amuue baba yake kwa mara ya pili na amzike ipasavyo. Ramani ya mwisho inaitwa For King and Country, na unaicheza ukijua kwamba mfalme na nchi wako pande tofauti.

Ndani ya kisa hicho yumo Lord Haart. Fungua ukurasa wake unapomkuta miongoni mwa mashujaa wa Castle, mji wa wanadamu: bwana mwenye heshima, kipaji chake ni kuongeza dhahabu ya kila siku, kila mchezaji anafurahi kumpata mwanzoni. Ndiye aliyempa mfalme sumu. Na utamkuta tena katika nyongeza, sura ya maiti, yuko upande wa wafu kama askari wao. Mchezaji mgeni anadhani ni kosa la mtengenezaji, jina moja kutumika mara mbili. Kwenye daftari mwandikie kurasa mbili zinazotazamana: Haart wa hai na Haart wa baadaye. Hakuna mtu mwingine katika mfululizo huu ambaye usaliti wake unaonekana waziwazi hivyo kwenye orodha ya mashujaa.

Ukimaliza hapo utakuwa na swali: mume wa Catherine yuko wapi muda wote huu? Swali hilo ndilo tiketi yako ya kurudi nyuma.

Heroes ya kwanza, ya 1995, isome tu. Kuna mabwana wanne wanaogombea Enroth: Ironfist, Slayer, Lamanda na Alamar, na unaweza kumchezea yeyote, lakini magemu yaliyofuata yalichukua ushindi wa Morglin Ironfist kuwa ndio uliotokea. Morglin alikuwa mkimbizi. Binamu yake Ragnar alitwaa kiti cha baba yake, naye akapita kwenye mlango wa kichawi na kutokea bara asilolijua. Andika hayo juu kabisa ya ukurasa wa Ironfist: nyumba ilianzishwa na mtu aliyekimbia ndugu yake.

Maana Heroes II, ya 1996, inarudia kitu hicho hicho kwa watoto wake. Morglin amekufa, ameacha wana wawili, Roland na Archibald. Kuchagua mrithi ni kazi ya mwonaji wa kifalme, na waonaji wanakufa mmoja baada ya mwingine vifo vya kutatanisha mpaka anapatikana wa kumchagua Archibald. Roland anasingiziwa na kukimbia. Unachagua upande, na kila upande una kampeni yake. Cheza ya Roland kwanza, ndiyo iliyohesabika kuwa historia, lakini usiifunge bila kucheza ya Archibald, kwa sababu Archibald akikusimulia mwenyewe ni mtu mwenye akili na mzaha, na utamhitaji baadaye. Katikati utapewa nafasi ya kuhama upande mmoja kwenda mwingine. Ihame angalau mara moja. Ni mahali pachache ambapo gemu linakuacha uwe msaliti kwa hiari yako badala ya kukusimulia usaliti wa wengine.

Jambo moja la kuangalia kwa makini katika Heroes II: uamuzi wa hadithi unabaki kwenye jeshi lako. Ukiwasaidia vibete katika kampeni ya Roland, vibete utakaowakuta njiani kwenye ramani zinazofuata wanajiunga nawe badala ya kupigana. Ukisaidia, unasaidiwa. Andika miungano hiyo, kwa sababu inakuambia nani alimpa Roland kiti chake.

Mwisho wake Roland anashinda, na hamuui ndugu yake. Anamgeuza jiwe.

Sasa unaingia sehemu ambayo wapenzi wa mikakati huiruka, kisha wanalalamika hadithi haieleweki. Kati ya Heroes II na III uzi unapita kwenye magemu ya aina nyingine kabisa, yale ya kutembea na kundi la watu wanne: Might and Magic VI ya 1998 na VII ya 1999. Ukiwa na muda, yacheze. Kama huna, haya ndiyo ya kuandika. Viumbe waitwao Kreegan walianguka Enroth kutoka angani usiku mmoja wa nyota nyingi. Roland alikwenda kupigana nao, akatekwa. Catherine yuko Erathia kwenye msiba. Aliyebaki kwenye kasri ni mtoto wao, Nicolai, mvulana mpweke ambaye ukimsaidia kutoka nje kidogo anakutoroka na kwenda kujiunga na sarakasi, na kazi yako inakuwa kumtafuta. Nalipenda sana tukio hilo. Dunia inakaribia kuisha, na mwana wa mfalme anataka kuona wanyama na wacheza viini macho, kama mtoto yeyote ambaye baba yake hayupo.

Na mwenye dawa ya balaa ni nani? Archibald. Amesimama kwenye maktaba ya kasri, jiwe, na ndiye anayejua uchawi utakaozuia mlipuko wa kiini cha Kreegan usiimalize dunia nzima. Lazima umfungue. Anatoa alichoombwa, kisha anaondoka zake. Katika VII utamkuta Deyja, kati ya wachawi wa wafu, na ni katika VII ambako Roland anaokolewa kutoka gereza la Kreegan huko Eeofol na mfalme wao Xenofex anauawa. Kwa hiyo ukirudi kwenye Heroes III ukamwona Catherine akipigana na Eeofol, ujue anapigana na watu wanaomshikilia mumewe.

Hapa nieleze siri ya dunia yenyewe, maana bila hiyo utashangaa kwa nini katika VI wapiganaji wa upanga wanamaliza mchezo wakiwa na bunduki za mwanga. Might and Magic tangu la kwanza ilikuwa hadithi ya sayansi iliyovaa kanzu ya uchawi. Kuna waliotangulia, wanaoitwa Ancients, waliounda dunia na kuzisimamia kwa mashine. Varn ya gemu la kwanza na Cron ya la pili zilikuwa vyombo vyao. Sheltem, mlinzi aliyeharibika, na Corak, aliyetumwa kumkamata, walifukuzana kuanzia gemu la kwanza hadi la tano. Kreegan ni maadui wa Ancients, viumbe kutoka mbali. Watu wa Enroth waliwaita mashetani kwa sababu ndivyo walivyoonekana. Kalenda yenyewe inahesabiwa tangu Ukimya, yaani tangu mawasiliano na Ancients yalipokatika: VI inaanza mwaka 1165, VII mwaka 1168, VIII mwaka 1172. Miaka hiyo mitatu iandike pembeni ya kila ukurasa, itakusaidia kupanga kila kitu.

New World Computing, kampuni ya Jon Van Caneghem iliyotengeneza yote haya, walitaka siri hiyo itokeze wazi katika Armageddon's Blade kwa kuongeza mji wa mashine uitwao Forge, uliofuatana na mwisho wa upande wa giza katika VII. Wapenzi wa Heroes walipinga vikali. Mji ukaondolewa, ukaja Conflux, mji wa roho za moto, maji, hewa na ardhi. Mimi ningependa kuiona Forge. Hadithi ilikuwa imeshaiandalia njia tangu gemu la kwanza, na wanaosema ingeharibu Heroes wengi hawakuzipitia zile nyingine.

Rudi kwenye Heroes III Complete. Cheza Armageddon's Blade: mfalme mpya wa Kreegan, Lucifer, ameota dunia inateketea na anataka upanga wa kuiteketeza. Roland na Catherine wako pamoja safari hii, na Gelu, mwenye nusu damu ya elfi wa theluji na kiongozi wa walinzi wa msitu, ndiye anayebaki na upanga mwishoni. Kwenye ukurasa wa Gelu andika kwa herufi kubwa: ANA UPANGA. Nyongeza hii ina kampeni nyingine zinazosimama peke yake. Mbili zihifadhi: Dragon's Blood, inayomhusu Mutare aliyekunywa damu ya joka na kugeuka joka, na Festival of Life, ambako Kilgor anashinda mashindano ya washenzi na kuwa mfalme wa Krewlod. Mutare ni utamu tu. Kilgor ni deni.

Kisha Shadow of Death, inayorudi miaka ya kabla ya Catherine kufika. Hii ndiyo shule ya kumjua Sandro, mchawi wa wafu ambaye wengi wanamtaja kuwa sura ya mfululizo mzima. Sandro hapigani kwanza. Anaagiza. Gem, mchawi mganga aliyempigania Roland katika Heroes II na kuhamia nchi ya AvLee kutafuta amani, anapewa kazi ya kutafuta vitu vitatu. Tazama majina ya ramani zake: After the Amulet, Retrieving the Cowl, Driving for the Boots. Hirizi, kofia, viatu. Ukivipata vyote, sogeza mshale juu ya kila kimoja na usome. Vyote vinaongeza nguvu ya kufufua wafu. Mganga wa kipaji cha huduma ya kwanza anakusanya vifaa vya maiti, na gemu halikuambii lolote. Linakuachia uone mwenyewe kwenye begi lake. Vikiunganishwa vinakuwa Cloak of the Undead King, na anayeivaa akiwa na ujuzi kamili wa kufufua, wafu wa vita vyake hawaamki mifupa mitupu, wanaamka lichi, yaani wachawi wafu. Crag Hack, mshenzi wa vita, naye kwa ahadi ya malipo anakusanya fuvu, upanga, mbavu na ngao, vipande vinne vya Armor of the Damned.

Ushauri wangu: cheza New Beginning ya Gem na Hack and Slash ya Crag Hack mfululizo, halafu mara moja Rise of the Necromancer ya Sandro. Usiweke siku nyingi katikati. Utamwona akimsaidia Finneas Vilmar kupanda kiti cha Deyja, huyo huyo Vilmar atakayemfufua Gryphonheart na kuuawa naye. Hapo mshale unachorwa kwenye daftari kutoka begi la Gem hadi kaburi la baba yake Catherine. Mpwa wangu alipouona mshale huo alinyamaza, kisha akaniomba tuanze Restoration upya. Kampeni za Gelu na Yog zifuate, kisha Unholy Alliance, ambako wote wanne, Gem, Crag Hack, Gelu na Yog, wanakutana na kujua nani aliwachezea.

Crag Hack anahitaji maelezo ya ziada, kwa sababu atakuchanganya. Katika Heroes yupo tangu la kwanza, mshenzi mzee wa vita, kipaji chake katika la tatu ni kushambulia, na wasifu wake unasema anatafuta pato moja kubwa apumzike. Lakini katika Might and Magic VII kuna Crag Hack mwingine, mshauri upande wa nuru, aliyekuja kutoka dunia nyingine pamoja na kundi lililoanzia Might and Magic III. Kuna watu wanatumia nguvu nyingi kuwafanya hawa kuwa mtu mmoja. Mimi nimewaandika ukurasa mmoja, mstari katikati. Mmoja ana safari ya nyota nyuma yake, mwingine ana njaa ya dhahabu na miguu yake iko Krewlod. Kuwaunganisha kunamnyang'anya kila mmoja kisa chake.

Kabla ya Heroes IV pitia Heroes Chronicles, vipande vinane vya 2000 na 2001, vyepesi kucheza, vinavyomhusu mtu mmoja: Tarnum. Alikuwa mfalme katili wa washenzi, akauawa na Rion Gryphonheart, na wahenga wake wakamkatalia peponi. Wakamrudisha duniani asiyekufa, atumike mpaka alipe. Katika Conquest of the Underworld anatumwa kuwatumikia Gryphonheart, nyumba ile ile iliyomuua, aiokoe roho ya Rion. Deni kubwa kuliko hilo hakuna katika daftari zima. Kama muda ni mchache, cheza kipande cha kwanza, hicho cha kuzimu, na cha mwisho, The Sword of Frost.

Hicho cha mwisho hakikwepeki. Upanga wa baridi unaonekana, Tarnum anajaribu kuzuia usikutane na ule wa moto, na anashindwa. Gelu ana Armageddon's Blade. Kilgor anakuja na Sword of Frost. Panga mbili zinagongana na dunia ya Enroth, yenye jina moja na lile bara, inaisha: Erathia, Krewlod, AvLee, kila mji uliouteka na kuujenga. Heroes IV ya 2002 inafungua na tukio hilo. Waliowahi wanapita milango ya kichawi na kutokea dunia iitwayo Axeoth.

Heroes IV ina kampeni sita na hazipiti kwenye njia moja, kwa hiyo zichague kwa daftari lako. Mwenye ukurasa wa Gryphonheart aanze na Lysander, ambako watu wanagombania nani kweli ni wa damu hiyo. Mwenye ukurasa wa Tarnum aende kwa kijana Waerjak na kumwangalia vizuri mzee anayemfundisha. Na kile kiapo cha Solmyr kinaiva katika The Price of Peace: Gavin Magnus amepona mwisho wa dunia akiwa na akili iliyovurugika, anataka amani ya kulazimisha kwa kuzifunga akili za watu, Emilia Nighthaven anampinga, na jini aliyeapa kumtumikia milele analazimika kuamua. Nisingependa kukuambia alivyoamua. Gauldoth Half-Dead mcheze pia, hata kama hana uhusiano na ukoo wowote, kwa sababu ndiye mchawi wa wafu aliyeandikwa vizuri kuliko wote.

Hapo uzi wa kwanza unakatika. 3DO, waliokuwa wakiimiliki New World, walifilisika 2003, na Ubisoft wakanunua haki kwa dola milioni 1.3. Kuanzia Heroes V ya 2006 tuko Ashan, dunia mpya iliyoanzishwa upya na majoka kama miungu yake. Geuza daftari, anza upande wa nyuma, kwa sababu majina yatakupotosha: Heroes V ina Mfalme Nicolai, na nyumba ya kifalme yenye alama ya grifoni, na Nicolai huyo anakufa na kurudishwa kama mfu. Si mtoto wa sarakasi, wala si baba yake Catherine. Waandishi walitia mwangwi wa makusudi, na ukiusikia bila kuuchanganya unafurahisha. Watu wa kufuatilia Ashan ni Isabel, Markal anayemdanganya, na Agrael. Crag Hack na Sandro walirudishwa kama wageni katika Heroes VI, kila mmoja na nyongeza yake ya 2012, Pirates of the Savage Sea na Danse Macabre. Waandikie kurasa mpya. Sandro wa Ashan hajui lolote kuhusu Gem.

Kuna pia Horn of the Abyss, kazi ya wapenzi inayoongeza miji, ramani na kampeni kwenye Heroes III Complete, tangu mwishoni mwa 2011. Kwa uchezaji haina mfano, lakini iweke baada ya kampeni zote za asili, ili ujue kipi kilisemwa na New World na kipi kiliongezwa na wanaoipenda.

Na kama unajiandaa kwa Olden Era, lililotangazwa mwaka 2024, jua kwamba linarudi kwenye dunia ya Enroth, katika bara la Jadame. Jadame hatukuwahi kuifikia katika Heroes hata moja ya zile nne za mwanzo. Maelezo yake mengi yako Might and Magic VIII, ya mwaka 2000. Hilo ndilo gemu la kucheza kwanza. Litengee kurasa nne tupu kwenye kaunta buku, na ya kwanza iandike Alvar, mji wa elfi wa giza ambao ni wafanyabiashara, maana hao wana madeni na kila mtu.